Chini ya Goma hakuna bahari ya moto

Miaka michache iliyopita, shule ninayofundisha kaskazini mwa jiji la Goma, mashariki mwa Kongo, ilitaka kuchimba choo kipya. Vibarua watatu walifanya kazi kwa mitaimbo na nyundo nzito kwa wiki mbili nzima, na mwisho wa wiki ya pili shimo lilikuwa bado halijamfika mtu mzima kifuani, kwa kuwa kila walipovunja tabaka moja la mwamba mweusi walikutana na jingine gumu kama lile la kwanza. Siku moja wakati wa mapumziko, mtoto wa darasa la tano alisimama ukingoni, akawatazama kwa muda mrefu, kisha akanigeukia na kuuliza: "Mwalimu, hawaogopi kuufikia moto?"

Sikucheka, kwa sababu picha iliyomo kichwani mwa mtoto yule ndiyo iliyomo vichwani mwa wengi wetu tuliomzidi umri. Tunaamini kwamba ardhi tunayoikanyaga ni ganda jembamba, kwamba chini yake kuna bahari ya moto iliyoenea dunia nzima, na kwamba sisi wakazi wa Goma tumeketi juu ya kifuniko cha chungu kinachochemka. Picha hiyo nimeisikia katika mahubiri, katika mazungumzo ya abiria, hata katika hotuba za watu wenye madaraka, na nimeiona kitabuni, ambako Dunia imekatwa kama chungwa na sehemu yake ya ndani yote imepakwa rangi ya kaa la moto. Ni picha isiyo sahihi. Hoja yangu katika makala hii ni kwamba kosa lake linavuka mipaka ya darasa, kwa kuwa linaamua tunajenga wapi, tunangoja tahadhari za namna gani, na tunawadai nini wale wanaotugawia viwanja.

Shimo refu kuliko yote ambayo binadamu amewahi kuyachimba kwenda chini ni lile la rasi ya Kola, kaskazini mwa Urusi. Wasovieti walilianza mwaka 1970, na kufikia mwaka 1989 lilikuwa na kina cha mita 12,262, ambao ni umbali mfupi kuliko ule wa kutoka katikati ya Goma hadi kileleni mwa Nyiragongo, volkano iliyo jirani yetu. Huko chini wachimbaji hawakukuta moto. Walikuta mwamba mgumu wenye joto la nyuzi 180 hivi, ambalo ni kali kiasi cha kuharibu zana zao lakini liko mbali sana na joto la kuyeyusha jiwe. Na kwa kuwa kutoka juu ya ardhi hadi kitovu cha Dunia ni kilomita 6,371, shimo lile lote halikuvuka hata sehemu moja kati ya mia tano ya safari. Basi tunajuaje kilichoko zaidi ya hapo?

Tunajua kwa njia ya matetemeko, na katika somo hili sisi wa Goma tumekuwa wanafunzi bila kuandikishwa. Katika siku zilizofuata mlipuko wa Nyiragongo wa tarehe 22 Mei 2021, ardhi ilitikisika mara nyingi usiku na mchana, kiasi kwamba watu wengi walilala nje. Nakumbuka bilauri ya maji iliyokuwa mezani kwangu. Kwanza ulikuja mngurumo kama wa lori lenye shehena linalopita nyuma ya ukuta, bati likalia, mlango ukagonga fremu yake mara moja. Kisha, papo hapo, ulikuja mtikiso wa kwenda upande huu na upande ule, na maji yakamwagika juu ya kitambaa. Hayo ni mawimbi mawili tofauti yaliyotoka mahali pamoja kwa wakati mmoja. La kwanza husukuma na kuvuta mwamba kuelekea kule linakokwenda, lina kasi zaidi, na hupita katika kila kitu, kiwe kigumu au kimiminika. La pili huutikisa mwamba kwa upande, huchelewa, na haliwezi kupita katika kimiminika, kwa sababu kimiminika hakina ukinzani wa kukirudisha mahali pake kinaposukumwa pembeni. Muda unaopita kati ya mawimbi hayo mawili hueleza umbali wa chanzo, kwani kwa kila sekunde moja unaweza kukadiria kilomita nane hivi. Mwezi ule wa Mei hatukuwa na nafasi hata ya kuhesabu sekunde moja kamili, na maana yake ilikuwa kwamba miamba ilikuwa ikipasuka kilomita chache tu kutoka tulipokuwa tumesimama.

Sasa tufuate wimbi hilo la pili mbali zaidi. Tetemeko kubwa likitokea upande mmoja wa Dunia, mawimbi yake ya pili hushuka kupita ganda, ambalo chini ya mabara huwa na unene wa kilomita 30 hadi 50 hivi, yakaingia katika tabaka linalofuata, ambalo vitabu vingine huliita vazi, yakapita humo maelfu ya kilomita na kutokeza kwenye vipimo vya nchi za mbali. Kama chini ya ganda kungekuwa na bahari ya moto, wimbi la pili lingezimika hapo hapo mlangoni. Halizimiki. Linaendelea hadi kina cha kilomita 2,890, na hilo ndilo jambo ambalo ningependa kila mwanafunzi wa Kivu alijue kabla ya kumaliza shule ya msingi: vazi la Dunia, ambalo peke yake ni zaidi ya asilimia 80 ya ujazo wa sayari yetu, ni mwamba mgumu.

Kimiminika cha kweli kinaanzia kwenye kina hicho cha kilomita 2,890, nacho ni chuma kilichoyeyuka pamoja na nikeli, ambacho mzunguko wake ndio unaozalisha usumaku unaoelekeza dira zetu. Mwaka 1936 Inge Lehmann, mwanasayansi wa Denmark, alichunguza mawimbi hafifu yaliyopokewa mahali ambapo kwa hesabu za wakati ule hayakupaswa kufika, akatambua kwamba ndani ya kimiminika hicho kuna tufe jingine. Leo tunajua kwamba tufe hilo ni gumu na nusu kipenyo chake ni kama kilomita 1,220. Bahari ya moto, basi, ipo, lakini ni ya chuma, na umbali wa kuifikia ukilazwa juu ya ramani ni karibu mara mbili ya umbali wa kutoka Goma hadi Kinshasa. Hakuna volkano hata moja duniani inayomwaga kilichomo humo.

Msomaji atauliza: ikiwa vazi ni gumu, mabara yanasogea vipi, na moto wa Nyiragongo unatoka wapi? Maswali haya mawili yana jibu la asili moja, na ndipo penye utamu wa somo lenyewe.

Ugumu na utulivu ni mambo mawili tofauti. Bonge la lami iliyoganda ukiligonga kwa nyundo huvunjika vipande kama jiwe, lakini ukiliacha juu ya ubao kwa miezi mingi litatandaa polepole bila kuyeyuka. Mwamba wa vazi, ukiwa na joto kali na muda wa mamilioni ya miaka, hutenda hivyo hivyo: unapashwa joto kutoka chini, unapanda kwa sentimita chache kwa mwaka, unapoa, unashuka. Alfred Wegener, Mjerumani, alipotangaza mwaka 1912 kwamba mabara yalikuwa yameungana na kisha yakaachana, wenzake wengi walimkataa kwa sababu hakuweza kueleza nguvu ya kuyasogeza; alifariki Greenland mwaka 1930 kabla ya kukubaliwa. Hoja ya mzunguko wa joto ndani ya vazi ilitolewa na Mwingereza Arthur Holmes karibu na wakati huo huo, na katika miaka ya 1960, baada ya sakafu ya bahari kuu kupimwa, ikadhihirika kwamba sehemu ya nje ya Dunia imegawanyika katika mabamba makubwa ya mwamba baridi, yenye unene wa kilomita mia moja hivi, ambayo hubeba mabara na sakafu za bahari kwa pamoja.

Afrika tunayoiona kama bara moja inabebwa na zaidi ya bamba moja. Sehemu kubwa ya magharibi, ikiwemo Kinshasa na Lubumbashi, imo katika bamba la Nubia. Pwani ya mashariki imo katika bamba la Somalia. Na katikati kuna bamba dogo linaloitwa Viktoria, kwa jina la ziwa lile, ambalo linajizungusha taratibu. Bonde la Ufa lina mikono miwili kwa sababu linalizunguka bamba hilo dogo, na mkono wa magharibi ndio uliochonga Ziwa Tanganyika lenye kina cha mita 1,470, bonde la Ruzizi, Ziwa Kivu na Ziwa Edward. Wenzetu wa Bukavu wanaujua mkono huo kwa njia yao: tetemeko la tarehe 3 Februari 2008 liliangusha majengo na kuua watu pande zote mbili za mto Ruzizi, bila volkano yoyote kuhusika.

Hapa kwetu Kivu ufa unapanuka kwa milimita mbili hadi tatu kwa mwaka. Kucha ya kidole cha mkono hukua kiasi hicho kwa mwezi mmoja. Kwa hiyo habari zinazosambaa kila mara kwamba Afrika inapasuka vipande viwili mbele ya macho yetu zinawapotosha watu kwa kuficha muda: bahari mpya, ikiwa itakuja, itahitaji mamilioni mengi ya miaka. Hata hivyo, sikubaliani na wale wanaozitumia milimita hizo kutuliza wananchi, wakisema mwendo ni mdogo mno kumdhuru mtu. Wastani ni hesabu inayofanywa baada ya tukio. Ardhi haipanuki milimita mbili kila mwaka kwa utaratibu, kama mshahara. Hujikaza kwa makumi au mamia ya miaka, kisha huachia kwa siku chache. Mwezi Septemba mwaka 2005, huko Dabbahu katika jimbo la Afar nchini Ethiopia, kipande cha ufa chenye urefu wa kilomita 60 hivi kilifunguka ndani ya siku chache, na mahali pengine upana wa kufunguka huko ulifika mita 8. Magma, yaani mwamba ulioyeyuka ukiwa bado ndani ya ardhi, ilikuwa imejipenyeza katika ufa huo ikiwa imesimama wima kama ubao, ikausukuma mwamba huku na huku. Shuka hadi Goma, na utakuta jambo hilo hilo kwa kipimo kidogo zaidi.

Inabaki kueleza hiyo magma inatoka wapi, ikiwa vazi si kimiminika. Kila mama anayepika maharagwe hapa Goma anajua kwamba hukawia kuiva kuliko yanavyokawia kwa ndugu zake walioko pwani. Jiji letu liko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa inayoyakandamiza maji ya sufuriani ni nyepesi, na maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Yanachemka mapema, hayafikii joto la kuivisha haraka. Kanuni yake ni kwamba ukipunguza shinikizo, kitu kinaweza kubadilika hali yake bila kuongezewa joto. Mwamba wa vazi una joto la kutosha kuyeyuka tangu mwanzo, ila shinikizo la miamba iliyo juu yake linauzuia. Pale ambapo mabamba yanaachana na ganda linakonda, na pale ambapo mwamba wenye joto zaidi unapanda kutoka chini, shinikizo hupungua, na sehemu ndogo ya mwamba huo huanza kutoa majimaji kama nyama inayotoa mafuta juu ya moto mdogo. Ni sehemu ndogo tu inayoyeyuka, chache katika mia, katika maeneo machache tu. Majimaji hayo, kwa kuwa ni mepesi kuliko mwamba uliobaki, hupanda, hukusanyika, na hutafuta nyufa.

Kutokana na maelezo hayo hoja yangu inapata mguu wa kusimamia. Magma iko mahali na mahali, inapita njia fulani na haipiti nyingine, na njia zake huonekana juu ya ardhi kwa mtu aliyefundishwa kuzitazama. Milima minane ya Virunga haikusambaa ovyo. Ilipanga mstari wake pale ambapo ufa umedhoofika. Na kati ya minane hiyo, miwili ndiyo iliyo hai sana leo: Nyamulagira, ambayo ni miongoni mwa volkano zinazolipuka mara nyingi zaidi barani Afrika na ambayo lava yake ya miaka ya 1938 hadi 1940 ilifika hadi Ziwa Kivu karibu na Sake, na Nyiragongo yenye urefu wa mita 3,470, ambayo ndiyo jirani yetu wa karibu.

Lava ya Nyiragongo ina tabia isiyo ya kawaida. Inatokana na kiasi kidogo sana cha mwamba kilichoyeyuka katika kina kirefu, ina silika kidogo, karibu asilimia 40 tu, na silika ndiyo inayoifanya lava iwe nzito na yenye kunata. Ikikosekana, lava hutiririka kama uji mwepesi. Tarehe 10 Januari 1977 ubavu wa mlima ulipasuka, ziwa la lava lililokuwa kileleni likamwagika chini ya saa moja, na kwenye miteremko mikali lava ilikimbia kwa kasi ya gari, makumi ya kilomita kwa saa. Waliokufa siku ile wengi wao walikuwa wanavijiji ambao hawakupata hata muda wa kumwita jirani.

Tarehe 17 Januari 2002 nyufa zilifunguka upya ubavuni mwa kusini, zikapitia katika mdomo wa kale wa Shaheru, zikateremka hadi Munigi, ukingoni mwa jiji lenyewe. Hili ndilo jambo ambalo watu wengi hawalitilii maanani wanaposimulia mwaka ule: sehemu ya lava iliyoingia mjini haikusafiri kutoka kileleni, ilitoka ardhini karibu na nyumba. Ilifunika takriban asilimia 13 ya jiji, ikameza sehemu ya njia ya ndege, ikaharibu kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, ikaingia ziwani, na kuwaacha watu wapatao 120,000 bila makazi. Miongoni mwa waliofariki walikuwamo wale waliouawa na mlipuko wa kituo cha mafuta kilichozungukwa na lava, wakati hatari ya kwanza ilikwisha kupita.

Ukichukua karatasi na kuchora nyufa za 1977 na zile za 2002, kisha ukaongeza njia ya lava ya 2021, ambayo ilishuka upande wa Kibati na kusimama Buhene, karibu na uwanja wa ndege, utaona mikondo inayofuata takriban uelekeo mmoja, kutoka kaskazini kwenda kusini, yaani uelekeo wa ufa wenyewe. Bahari ya moto isingeweza kuchora mstari kama huo. Ingetoka popote.

Baada ya Mei 2021 mjadala mkubwa mjini ulihusu swali moja: kwa nini hatukuonywa? Wapo walioelekeza lawama zote kwa Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma, na ni kweli kwamba katika miezi iliyotangulia mlipuko kituo hicho kilikuwa kimepungukiwa fedha, hata za kulipia intaneti ya kupokea taarifa za vipimo vyake. Hilo lilikuwa aibu, na aibu yenyewe haikuwa ya wanasayansi. Lakini uchunguzi uliofanywa baadaye na watafiti wa Kongo na wa nchi nyingine, wakitumia vipimo vilivyokuwa vikifanya kazi, ulionyesha jambo gumu zaidi kulimeza: dalili zilizo wazi zilianza chini ya saa moja kabla ya lava kutokeza. Magma ilikuwa tayari karibu na uso wa ardhi, ndani ya mlima, na haikuhitaji kupanda kutoka mbali huku ikivunja miamba na kutoa kelele za kupimika. Ukuta ulichoka, ukapasuka. Baada ya hapo magma iliendelea kujipenyeza kusini chini ya jiji na chini ya ziwa, na ndiyo maana tarehe 27 Mei amri ya kuhama ilitolewa, na maelfu kwa maelfu ya watu wakaelekea Sake, Minova, Rutshuru na ng'ambo ya mpaka.

Kwangu mimi, chini ya saa moja ni jibu linalopaswa kubadilisha mjadala mzima. Tumewekeza matumaini yetu yote katika onyo, na rangi ya tahadhari iliyokaa manjano miaka nenda miaka rudi imekuwa kama pambo, kwa sababu ishara isiyobadilika haimwambii mtu afanye nini leo asubuhi. Vipimo vinahitajika, na ninaunga mkono kila faranga inayotumika kuvinunua. Ila mahali ambapo onyo linaweza kuja dakika arobaini kabla, kinachookoa ni kile kilichoamuliwa miaka kumi kabla: mahali pa kuweka kituo cha mafuta, barabara ya pili ya kutokea, shule iliyojengwa nje ya mkondo, na mkazi anayejua kwamba ukingo wa lava ya 2002 uko nyuma ya uwanja wake.

Ziwa nalo lina habari yake, na inatawaliwa na kanuni ile ile ya shinikizo. Kivu lina kina cha karibu mita 485, na katika vilindi vyake zimeyeyuka takriban kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksidi na 60 za methani. Gesi hizo zimetulia humo kwa sababu uzito wa maji ya juu unazibana, kama soda ndani ya chupa iliyofungwa. Huko Cameroon, Ziwa Nyos, ambalo ni dogo mno ukililinganisha na la kwetu, liliachia gesi yake usiku wa tarehe 21 Agosti 1986 na kuua watu wapatao 1,700. Lava iliyoingia Kivu mwaka 2002 haikufika kwenye vilindi vyenye gesi, na ziwa halikuvurugika. Ng'ambo, nchini Rwanda, karibu na Kibuye, kituo kimoja kimekuwa kikinyonya methani hiyo tangu mwaka 2016 na kuigeuza umeme wa megawati 26. Upande wetu, ghuba ya Kabuno ina gesi kwenye kina kifupi kabisa, mita kumi na kidogo tu, na ghuba hiyo ndiyo iliyopokea lava ya Nyamulagira miaka ya 1938 hadi 1940. Anayetaka kujua pa kuanzia kazi ya kuinyonya gesi anaweza kuanzia hapo.

Kisha kuna mazuku. Ni neno letu, na wanasayansi wa dunia nzima wamelichukua jinsi lilivyo kwa sababu hawakuwa na lao: kaboni dioksidi inayopanda kupitia nyufa na kutulia katika mabonde madogo, bila rangi wala harufu ya kumshtua mtu, ikiwa nzito kuliko hewa. Upande wa Mugunga na Bulengo wazee wanajua mabonde ambayo mbuzi hapelekwi asubuhi kabla upepo haujavuma, na ambayo mtoto haruhusiwi kuinama ndani yake kuokota kitu. Watu hao hawakuhitaji maabara ili kutambua kwamba hatari ina mahali pake. Waliziona ndege zilizokufa zikiwa katika shimo lile lile kila mwaka, wakalipa shimo jina. Elimu ya namna hiyo tumeiacha ibaki ya wazee wa mitaa miwili, ilhali ilipaswa kuwa mfano wa namna ya kuutazama mji mzima.

Najua nitakachojibiwa. Nitaambiwa kwamba watu hawajengi juu ya nyufa kwa kutojua, wanajenga kwa kukosa pengine. Kwamba vita viliwaleta mamia ya maelfu ya wakimbizi wa ndani hadi Kanyaruchinya na Bulengo, juu ya lava na kando ya mazuku. Kwamba anayekimbia risasi haulizi habari za mlima. Ni kweli tupu, nami sina neno la kumlaumu mama aliyetandika turubai lake juu ya mwamba wa 2002. Lakini mtu aliyempa nafasi hiyo alikuwa na ofisi, na pengine ramani ilikuwa kabatini. Viwanja vya kaskazini vinauzwa, vinapimwa, vinapigwa mhuri; kila mhuri ni uamuzi wa mtu. Picha ya bahari ya moto inamfaa sana mtu huyo. Ikiwa moto uko chini ya kila mahali, basi kila kiwanja ni sawa na kingine, mlima ni majaliwa, na hakuna wa kuulizwa. Lakini ikiwa magma hupita katika nyufa zinazojulikana, zilizofunguka mara mbili au tatu ndani ya maisha ya mtu mmoja, basi yupo anayepaswa kueleza kwa nini shule au ghala la mafuta limeruhusiwa hapo, na wazazi wana haki ya kudai kwamba ramani ya nyufa hizo ichorwe ukutani katika kila mtaa, kwa Kiswahili, kwa ukubwa wa kusomeka na mtu aliye juu ya pikipiki.

Nilimjibu mtoto yule kwamba vibarua wangeweza kuchimba mwaka mzima wasiufikie moto wowote. Wiki iliyofuata walitoboa tabaka la pili la mwamba, na chini yake wakakuta udongo mwekundu uliokauka kama tofali, wenye upana wa kiganja, na chini ya udongo huo mwamba mwingine. Niliwaita wanafunzi wakaushike. Niliwaeleza kwamba lilikuwa shamba, au msitu, uliofunikwa na kuchomwa na lava kabla ya babu wa babu zao. Halafu tulitoka nje ya uzio, tukaufuata kwa miguu ukingo wa lava ya 2002 kutoka shuleni hadi kwenye barabara kuu, na kila mmoja akauchora katika daftari lake, akaweka alama ya shule na alama ya nyumba yao. Mtoto aliyeuliza swali alikuwa wa mwisho kukabidhi. Alama ya nyumba yao ilikuwa juu ya mstari. Akaomba daftari asiliache shuleni jioni ile, kwa sababu baba yake alikuwa ameanza kujenga chumba cha pili, upande wa juu.